Mtoto Huyu Awe Somo wa Nani?

Haya, kaeni vizuri, na mwenye chai yake aishike isimwagike. Leo sikuleta hadithi ya kulaza watoto. Nimeleta kesi. Wenye haki wapo watatu, ushahidi upo, zawadi ni moja, na karani keshafungua kalamu. Aliyekosekana ni hakimu tu, na ndiyo sababu nimewaita.

Katika mji mkuu wa nchi moja palikuwa na Maktaba ya Dola. Nguzo zake za mbele zilijengwa nene ili zimtie adabu asiyejua kusoma, na kazi hiyo zikaifanya vizuri mno, maana ziliwatisha hata wanaojua. Sheria ya nchi ilisema kila mchapaji, akichapa kitabu, gazeti au hata ratiba ya treni, apeleke nakala mbili Maktaba: moja isomwe na walio hai, ya pili iwekewe ambao hawajazaliwa. Sheria nzuri sana hiyo. Ila walioitunga walisahau kusema nani atafuta vumbi wakati hao wa pili wakisubiriwa.

Vumbi hilo lilikuwa mikononi mwa wanawake watatu.

Wa kwanza aliitwa Mwamvita, akikaa mezani pale mlangoni. Kipaji chake kilikuwa kuuliza. Mtu akimjia na swali, yeye alijua kwamba swali lile ni baibui tu, na mwenyewe yumo ndani. Basi aliuliza pole pole, hili na lile, mpaka mwenyewe akatoa uso.

Wa pili aliitwa Sikudhani, akikaa ghorofani kwenye rafu za magazeti. Kipaji chake kilikuwa kukumbuka. Alichokisoma mara moja hakikumtoka tena, iwe hotuba ya waziri au tangazo la mbuzi aliyepotea. Watu walimwonea wivu. Hawakujua adha ya kukumbuka nani alishinda mbio za baiskeli miaka thelathini iliyopita, na kukosa hata mtu mmoja wa kumwambia.

Wa tatu ndiye tutakayefuatana naye zaidi, kwa sababu hakuna aliyewahi kufuatana naye. Aliitwa Asumini, akikaa chini ya ardhi. Kipaji chake kilikuwa mikono. Gazeti lililotobolewa na mchwa, kitabu kilicholowa, ramani iliyochanika vipande kumi na saba, vyote viliteremshwa kwake, na vilipopanda tena mtu alilazimika kuviinua kwenye mwanga ili aone palipoungwa. Gundi aliipika mwenyewe kwa unga wa ngano, akaitia karafuu ili wadudu wasiipende.

Unga huo ndio uliomponza. Miaka mingi nyuma afisa mmoja wa utumishi alipitia majalada, akaona kuna mtumishi anayeagiza unga na karafuu kila mwezi, akamwandika Mpishi Daraja la Pili. Asumini aliandika barua ya kusahihisha. Akajibiwa kwamba barua yake imepokelewa, ila kwa kuwa yeye ni mpishi, aipitishe kwa Mpishi Daraja la Kwanza, ambaye hakuwapo. Wakaguzi walipokuja waliandika kila mara kwamba jiko la Maktaba ni safi, lakini halitoi chakula. Siku ya Wafanyakazi alizawadiwa aproni na mwiko. Aproni aliitundika. Mwiko ulifaa sana kukorogea gundi.

Katika jalada lake hilo hilo kulikuwa na fomu yenye mstari unaosema: *Mtu wa kuarifiwa endapo mtumishi atapatwa na jambo.* Mumewe alikuwa amefariki, mtoto hawakujaliwa, ndugu walikuwa wametawanyika mpaka salamu zikachoka njiani. Asumini aliuacha mstari ule wazi. Afisa, ambaye hakuvumilia kuona mstari mtupu, akaujaza mwenyewe: *Jikoni.*

Mnaweza kucheka. Hata Asumini alicheka, siku ya kwanza.

Wanawake hawa watatu walifanya kazi katika jengo moja kwa miaka kumi na tisa bila kukaa pamoja hata siku moja. Kanuni ilisema mtumishi asiondoke ghorofa yake saa za kazi bila kibali cha mkuu wa ghorofa, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa peke yake, hakukuwa na mkuu wa kutia saini. Lifti ilikuwa ikisubiri kipuri tangu jengo lifunguliwe. Basi kwenye lile shimo la lifti walining'iniza kikapu kwa kamba, na ndani ya kikapu vilipanda na kushuka vitabu na vikaratasi. Asumini aliwajua wenzake kwa hati zao tu. Wa mlangoni aliandika herufi zilizolala kama mtu aliyechoka. Wa ghorofani aliandika herufi ndogo zilizobanana, kama zinaogopa kukosa nafasi. Na vikaratasi vyenyewe havikuwa na neno, ila namba ya rafu.

Kila ghorofa ilikuwa na mlango wake wa watumishi. Jioni Asumini alitokea wa nyuma, akarudi chumbani kwake na habari za siku: leo nimekuta unyoya wa njiwa ndani ya kitabu cha sheria, leo nimeunganisha mto uliokatika kwenye ramani. Akifungua mlango, habari zile zilikosa pa kutua. Akalala nazo.

Sasa sikieni jambo lililowakutanisha.

Jumanne moja aliingia mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli, jina lake Feruzi. Alivua kofia mbele ya zile nguzo, akamwambia Mwamvita anataka magazeti ya zamani.

"Jaza fomu, mzee wangu," akasema Mwamvita bila kuinua kichwa.

"Imeniuliza nilizaliwa lini na wapi."

"Basi andika."

"Ningekuwa najua, binti yangu, nisingekuja."

"Kalete taarifa kamili, utahudumiwa."

Mzee akatoka, akakaa kwenye ngazi, katikati ya nguzo, mpaka mlango ukafungwa. Mwamvita alimwona kupitia kioo, mgongo tu. Jumatano mzee alikuwa pale pale. Mwamvita akaisukuma fomu pembeni, akamvutia kiti.

"Haya. Magazeti ya mwaka gani?"

"Wowote."

"Mzee wangu, hakuna mtu anayetafuta gazeti lolote. Ungekuwa unataka gazeti lolote ungekwenda kwa muuza karanga, ungepata na karanga zake."

Mzee akacheka, na kicheko kikamfungua kidogo. Mwamvita akauliza hili na lile: reli, kijiji, waliomlea. Mwisho akauliza, "Na humo gazetini unataka kumsoma nani?"

"Mimi."

"Uliandikwa?"

"Ndilo ninalotaka kujua." Akaizungusha kofia mkononi. "Nilipanda behewa nikiwa mdogo, nikalala, nikaamkia mwisho wa reli. Mshika bendera wa huko akaniita Feruzi, akanilea, Mungu amrehemu, hakujua kusoma. Alipokuwa anakufa aliniambia: mwanangu, hakuna aliyekuja kukuuliza. Nimeishi na neno hilo. Nataka kujua tu kama kuna mtu aliyewahi kunitafuta."

"Unakumbuka nini cha stesheni uliyopandia?"

"Matarumbeta. Watu waliovaa soksi nyeupe za mikono. Na mimi nilikuwa na kidonda cha moto mguuni."

Mwamvita akaandika, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa kikaratasi kikapanda bila namba ya rafu. Kilisema: *Mtoto. Stesheni. Bendi ya matarumbeta. Kidonda cha moto mguuni. Je, alitafutwa?*

Sikudhani alikisoma ghorofani, akafumba macho. Bendi ilipigwa stesheni mara moja tu, siku kilipopokewa kichwa cha treni kipya. Habari hiyo aliisoma mwaka alioajiriwa. Na katika gazeti la wiki iliyofuata aliona kitu kingine. Kikapu kikashuka hadi chini kabisa, kwa Asumini, kikiwa na maneno haya: *Gazeti la Mkulima na Mji, Agosti, mwaka wa pili wa bendera mpya, ukurasa wa nne, chini kushoto, kati ya tangazo la baiskeli na la dawa ya minyoo. Nakala ya kusomwa iliibwa. Ya pili imo katika mafurushi ya kuchomwa.*

Mafurushi ya kuchomwa Asumini aliyajua, yalikuwa jirani zake. Bomba lilipasuka zamani likalowesha magazeti ya miaka kumi na mitano, yakagandana kama mkate wa boflo ulioangukia chai. Ikaundwa Kamati ya Uteketezaji. Kamati ilihitaji wajumbe saba ili iamue, na kwa miaka ishirini na miwili haikupata kuvuka sita, hata siku ya sambusa. Wapo watu mpaka leo wanaosema zawadi ya kesi hii ingefaa kupewa Kamati. Hao nawaomba wakae kimya.

Asumini akalitafuta furushi la Agosti. Akalifukiza kwa mvuke wa birika, akasubiri, akaingiza kisu cha mfupa kati ya ukurasa na ukurasa, akiuambia pole, pole, mwanangu, maana alizoea kuzungumza na kurasa. Siku nne zilipita kwa ukurasa mmoja. Siku ya tano, chini kushoto, kati ya baiskeli na minyoo, akasoma:

*AMEPOTEA. Mtoto wa kiume, jina Shomari, miaka minne. Kidonda cha uji wa moto juu ya mguu wa kushoto. Shati la mistari. Alipotea stesheni siku ya bendi. Amwonaye amlete kwa mama yake, Mwanahawa, nyumba za reli, mlango wa tatu. Anapenda kubebwa.*

Akalinakili, akalituma juu. Baada ya saa moja kikapu kikarudi. *Ahsante, dada wa chini,* ziliandika zile herufi zilizolala. *Mzee amelia. Nyumba za reli zilibomolewa zamani, hakuna wa kuulizwa. Lakini anasema imetosha, alitafutwa.*

Asumini alikisoma kikaratasi kile mara tatu, akakifunga kwenye pindo la kanga. Dada wa chini. Kumbe huko juu alikuwa na jina.

Kazi iliishia hapo. Hakuna aliyemwagiza kuendelea. Lakini lile neno la mwisho, *anapenda kubebwa*, halikumkalia sawa. Mama anayelipia neno kama hilo gazetini, alijiambia, haandiki mara moja akanyamaza. Akalichukua furushi la Agosti ya mwaka uliofuata, akaweka birika motoni.

Ukurasa wa nne. *Shomari sasa ana miaka mitano. Shati la mistari litakuwa limembana.*

Akalituma juu. Kutoka mlangoni likarudi neno moja: *Endelea!* Kutoka ghorofani: *Za miaka hiyo sijapata kuzisoma, nakala zote mbili zilikuwa zimeshaganda nilipoajiriwa. Endelea, mwenzangu, nakuomba.*

Akaendelea. Miaka sita. *Miaka saba: meno ya mbele yatakuwa yametoka.* Miaka minane, miaka tisa. Wale wawili wa juu wakawa wanauliza asubuhi, kabla ya kazi nyingine yoyote: *Mtoto wetu leo ana miaka mingapi?* Asumini akawajibu. Akaanza na kuwaandikia mengine: unyoya wa njiwa, mto wa kwenye ramani. Wakamjibu. Mwamvita akaandika kwamba naye hula peke yake, tena amesimama. Sikudhani akaandika kwamba Ijumaa huzungumza na picha za magazetini. Habari za siku zikapata pa kutua. Kwa miezi mitatu Asumini alirudi chumbani kwake mikono mitupu, akalala mara moja.

*Miaka kumi na minne: sauti itakuwa imekuwa nzito, msimfukuze mkidhani ni mtu mzima.*

Tangazo la kumi na mbili lilikuwa la mwisho, kwa sababu mwaka uliofuata gazeti lenyewe lilikufa. *Shomari ana miaka kumi na mitano. Tumehamia Kiwambo, nyumba ya pili baada ya mashine ya kukoboa. Mlango haufungwi.*

Anwani mpya. Asumini aliweka kisu chini. Alielewa vizuri kabisa alichokishika: barua ikienda Kiwambo, jibu likija, mtoto hatakuwa tena na umri wa kuulizwa asubuhi, na kikapu kitarudia namba za rafu. Akaukunja ukurasa ule kwenye kitambaa safi, akauweka chini ya aproni. Kutoka juu wakauliza, *Leo je?* Akaandika, *Bado umeganda.* Siku ya pili akaandika vile vile. Siku ya tatu aliutazama ule mstari, *mlango haufungwi*, akaona aibu, akautuma.

Kiwambo ipo mpaka leo. Mashine ilikwishang'olewa, lakini watu bado wanapaita Mashineni. Mwamvita aliandika barua, na mzee Feruzi akaifuata nyuma kwa treni kabla haijajibiwa. Mama alikuwa amekufa miaka mingi. Aliyekuwapo ni dada, Bi Havijawa, aliyekuwa na miaka saba siku ile ya bendi, ndiye aliyeambiwa amshike mdogo wake mkono. Alimtazama mzee aliyesimama mlangoni, hakumtazama uso.

"Vua kiatu," akamwambia. "Cha kushoto."

Sitawasimulia kilio. Kila mmoja wenu anacho chake cha kulinganisha.

Wiki mbili baada ya hapo mjukuu wa Bi Havijawa alijifungua mtoto wa kike. Na katika ukoo ule kuna desturi moja ya zamani: aliyepotea akirudi, mtoto wa kwanza kuzaliwa baada yake hupewa jina la yule aliyemrudisha. Huyo ndiye huwa somo wake, na usomo kwao si maneno matupu. Somo habishi hodi. Shule ikifungwa, mtoto analetwa kwake. Somo akiugua, mtoto ndiye wa kumpikia uji, na likimpata la kumpata, mtoto ndiye wa kuarifiwa wa kwanza.

Bi Havijawa akaandika Maktaba ya Dola kuuliza jina la aliyemrudisha ndugu yake. Kanuni inasema kila barua ijibiwe katika siku kumi na nne, na akika, siku ya kumpa mtoto jina, ni siku ya saba. Hata hivyo Mkurugenzi alijibu siku ya tatu, haraka iliyowashangaza watu. Alisema kazi zote hufanywa na taasisi, si mtu, na kwa heshima kubwa anapendekeza mtoto aitwe Maktaba.

"Mwambieni namshukuru," akasema Bi Havijawa. "Wake akipata amwite hivyo." Akatuma wito kwa wote watatu, waje wenyewe.

Walikutana langoni pale Mashineni, wakapishana kwa adabu kama wageni wasiojuana: tangulia wewe, hapana, tangulia wewe. Mwamvita akatoa kikaratasi kuhakikisha nyumba. Asumini akaiona hati.

"Wewe ndiye mwenye herufi zinazolala?"

"Dada wa chini!"

"Jamani," akasema Sikudhani nyuma yao, mfupi, amevaa miwani, "na mimi nilidhani nyote ni warefu."

Wakashikana mikono pale langoni, na hakuna aliyekuwa wa kwanza kuachia.

Ndani mkeka ulikuwa umetandikwa, mtoto amelazwa katikati, na karani wa kata amekaa kwenye stuli na fomu gotini. Fomu ina mstari mmoja wa jina la mtoto. Wa pili ni wa baba, wa tatu ni wa babu. Mtu mmoja aliuliza kama mtoto hawezi kupewa majina matatu ya wale watatu. "Baba na babu tuwapeleke wapi?" akauliza karani.

Bi Havijawa akasema, "Kwetu mtu huulizwa mawili kabla ya kupewa somo. Ulifanya nini? Na ulikosa nini? Anza wewe wa mlangoni."

Mwamvita akasema: "Ofisi ngapi alizipita ndugu yako? Zote zilimjibu alichouliza, ndiyo maana hakupata kitu. Mimi nilimuuliza anachotaka. Pasipo swali, huyu kukumbuka kwake kungekumbuka nini, na huyu mikono yake ingebandua ukurasa upi? Na nilikosa hili: siku ya kwanza nilimfukuza kwa fomu. Angekuwa na roho nyepesi, asingerudi Jumatano."

Sikudhani akasema: "Swali liliulizwa, lakini magazeti ni ghorofa nzima. Mimi nilisema mwaka, mwezi, ukurasa, pembe ya ukurasa. Pasipo hilo, huyu angeuliza mpaka leo, na huyu angefukiza mafurushi ya miaka kumi na mitano mpaka akaingia kaburini. Na nilikosa hili: tangazo lile nilikuwa nalo kichwani miaka kumi na tisa. Nilijua yupo mama aliyeandika. Sikumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyeniuliza, na mimi nilizoea hivyo."

Wote wakamgeukia Asumini. Mtoto alikuwa amefungua macho, anatazama dari. Njia nzima Asumini alikuwa akilijaribu jambo moja mdomoni bila kutoa sauti: jina lake mwenyewe, jinsi litakavyosikika likiitwa uani na mtu wa kumwita mtoto aje kula. Asumini! Njoo! Hakuna aliyemwita kwa sauti ya juu tangu mumewe afe. Na katika mkoba wake, naam, alibeba ile fomu ya kazini, yenye mstari uliojazwa *Jikoni*, na kifutio.

Akasema: "Swali liliulizwa na mahali pakajulikana, lakini mahali penyewe palikuwa tofali la karatasi. Mimi nililifungua. Na lile tangazo la kwanza lilifika kwenye nyumba iliyobomolewa. Hawa wenzangu waliishia hapo, mzee naye akatosheka. Yale kumi na moja sikuagizwa. Kiwambo ilikuwa katika la mwisho. Na nilikosa hili: nililificha siku mbili. Nilikuwa sitaki kikapu kinyamaze."

Sikudhani alimtazama juu ya miwani. "Nilijua," akasema pole pole. "Nakumbuka muda unaochukua kwa kila ukurasa. Na mimi sikuuliza, kwa sababu nami sikutaka kinyamaze."

Bi Havijawa akamgeukia ndugu yake. "Shomari, sema wewe. Wewe ndiye uliyerudishwa."

"Mimi kazi yangu ilikuwa kupotea tu, dada," akasema mzee. "Na niliifanya vizuri. Hili msinipe."

Karani akaangalia saa. Saa tisa na nusu; ofisi ya kata inafungwa saa kumi, na kesho ni mapumziko. Akaishusha kalamu karibu na karatasi, wino ukaacha nukta ndogo mwanzoni mwa mstari. Mtoto akalia. Wanawake wote watatu wakainuka nusu, mikono mbele, kila mmoja akawaona wenzake, wote wakakaa tena.

Basi mahakimu, kesi ndiyo hiyo. Aliyeuliza, aliyekumbuka, aliyefungua. Na kosa la kila mmoja mmelisikia. Msiniambie wagawane, maana mtoto hagawanyiki likizo tatu na shule ina likizo mbili. Msiniambie Maktaba. Nataka jina moja. Jumatatu kikapu kitashuka tena kwenye lile shimo, mmoja wao akiwa na mtu wa kuarifiwa, na wawili hawana.

Wewe uliye karibu na mlango, ungemwambia karani aandike nani? Na ukishataja, wale wawili wakisimama kutafuta viatu vyao, utawapa neno gani la kurudi nalo nyumbani?